Picha za wateja zikae wapi?

SWALI: Ninaendesha studio ya picha Mwanjelwa, jijini Mbeya, na kazi zangu nyingi ni harusi, sendofu na kipaimara. Picha mpya ziko kwenye kompyuta yangu mpakato, na zile za zamani nimezihamishia kwenye hadidiski moja ya nje kwa sababu kompyuta ilijaa. Fundi mmoja ananishauri ninunue kisanduku chenye diski mbili zinazoandika kitu kilekile kwa wakati mmoja, ilhali rafiki yangu anasema nilipie hifadhi ya mtandaoni niachane kabisa na habari za diski. Fedha niliyonayo inatosha jambo moja tu. Nichague lipi?
Mpigapicha, Mwanjelwa

JIBU: Ndugu mpigapicha, kabla ya kisanduku na kabla ya mtandao, zishughulikie kwanza hizo picha za zamani, kwa maana ulipozihamisha na kuzifuta kwenye kompyuta ulibaki na nakala moja ileile, ila imehama nyumba. Hadidiski hiyo ikidondoka kutoka mezani huku inafanya kazi, harusi zote zilizomo zinaweza kupotea.

Kisanduku cha fundi wako ni kifaa kizuri, lakini kinakinga jambo moja tu, nalo ni diski moja kufa. Ukifuta folda kwa bahati mbaya, inafutika kwenye diski zote mbili papo hapo. Virusi vinavyofunga mafaili ili mwenye mali adaiwe fedha vitayafunga kote kuwili. Na radi ikipiga msimu wa mvua, au mwizi akivunja mlango, vyote vilivyo mezani vinakwenda pamoja. Kinamfaa mtu ambaye kazi yake haiwezi kusimama hata saa moja, na kwa maelezo yako sidhani kama umefika huko.

Kuhusu mtandao, tupige hesabu. Kamera ya megapikseli 24 hutoa faili ghafi la takriban MB 25 hadi 30, hivyo harusi yenye picha 1,500 inakaribia GB 40. Kwa kasi ya kupandisha ya megabiti 10 kwa sekunde, mzigo huo unahitaji karibu saa 9, umeme usikatike na bando lisiishe. Picha 400 zilizokwisha kusafishwa, za JPEG zenye MB 8 kila moja, zitapanda kwa muda usiofika saa moja. Pandisha hizo tu, wakati utakapokuwa na uwezo, lakini uangalie kama huduma unayoilipia inahifadhi nakala au inalinganisha tu folda, kwa sababu ile inayolinganisha itafuta kule mara tu unapofuta huku, na mara nyingi muda wa kurudisha kilichofutwa ni siku 30 hivi.

Kwa fedha ya sasa, ushauri wangu ni kununua hadidiski mbili za kawaida, ikiwezekana za kampuni tofauti. Mpigapicha wa Marekani, Peter Krogh, ndiye aliyeieneza kanuni ya 3-2-1: nakala tatu, katika aina mbili za vifaa, na moja kati ya hizo ikae mahali pengine. Mimi naipa uzito mkubwa zaidi ile ya mwisho. Diski moja ibaki studio, nyingine ikae nyumbani, nazo zibadilishane zamu kila wiki. Usizibebe zote kwenye mkoba mmoja, na ukimaliza kunakili, ichomoe. Ukitoka ukumbini, kadi ya kamera isifomatiwe mpaka picha ziwe kwenye kompyuta na kwenye diski mojawapo, na uwe umelinganisha idadi ya mafaili na kufungua machache ukitumia kompyuta nyingine. Wengi huruka hatua hii ya kufungua, kisha hugundua kasoro siku bibi harusi anapodai albamu.

Diski inayolala nyumbani iwekewe usimbaji wenye nywila, kwa kuwa nyuso zilizomo ni za wateja, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakuhusu. Nywila iandike mahali salama, maana ukiisahau, picha hazitafunguka hata kwako.

SWALI: Nina SSD ya nje, ile diski isiyo na sehemu inayozunguka, iliyojaa picha. Je, naweza kuifungia kabatini miaka kadhaa?
Msomaji, Tukuyu

JIBU: Sikushauri. SSD hutunza data kwa chaji ya umeme, ambayo hupungua polepole kifaa kikikaa muda mrefu bila kuwashwa, hasa kikiwa kimetumika sana. Kwa kazi ya kabatini, hadidiski ya kawaida inafaa zaidi, nayo iwashwe kila baada ya miezi michache. Kwa unyevu wa Tukuyu, itie kwenye chombo kinachofunga barabara, pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu, na uvibadilishe kila mara.