Kabla hujatia mkono kwenye tangi la hagifishi

Mara ya kwanza kumshika hagifishi, mnyama wa baharini mwembamba na mrefu anayetoa ute, nilimshika kama tunavyomshika mkunga kwetu Pemba: haraka, nyuma ya kichwa, kwa nguvu. Kabla sijamtoa majini, ndoo nzima ilishageuka ute. Maji yaliyokuwa yakichezacheza yalinyanyuka pamoja na mkono wangu kama ute wa yai bichi, yakavutika hadi sakafuni. Mnyama mwenyewe hakuning'ata. Hana hata taya.

Siku hizi mwanafunzi wa nyumbani akiniandikia kwamba amepata nafasi kwenye maabara inayofuga viumbe hawa, namwambia ajifunze utulivu kwanza, vifaa baadaye. Na namweleza kwa nini.

Hagifishi ana umbo la mkunga lakini si mkunga. Hana magamba, anaishi chini kabisa kwenye bahari baridi na hula sana mizoga. Kila upande wa mwili wake una mstari wa vitundu. Akibanwa, vitundu hivyo hutema majimaji mazito kidogo tu, meupe kama maziwa, na yakikutana na maji ya bahari huvimba mara 10,000 hivi, chini ya nusu sekunde. Mwaka 2011 watafiti walitoa video zilizopigwa New Zealand: papa anamuuma hagifishi, mara anamtema huku akihangaika, matamvua yamezibwa. Hagifishi anaendelea na safari yake.

Ute huo karibu wote ni maji ya bahari. Kinachoyashikilia maji hayo ni kamasi kidogo na nyuzi za protini. Kila uzi una urefu wa sentimita 10 hadi 15, nao hulala umekunjwa ndani ya seli moja kama uzi wa cherehani ndani ya bobini. Ukivutwa, protini zake hujipanga upya na uzi unakuwa imara kama hariri. Ndiyo maana watu wa vitambaa wanaufuatilia kwa hamu.

Wengi huukosea hapa. Tumezoea bamia: ukizipekecha, ute unazidi. Wa hagifishi ukiukoroga unakufa. Nyuzi hushikamana, maji hutoka, unabaki na kifurushi kidogo kisichofaa kupimwa chochote. Watafiti wa Zurich, Uswisi, walionesha kwamba ute huu hukaza unapovutwa, kama papa anapofyonza maji, lakini hulegea unapokwanguliwa. Mnyama anaitumia tabia hiyo kujisafisha: hufunga fundo kwa mkia wake, akalisukuma hadi kichwani, na ute wote ukakwanguka. Mimi nilihangaika na sabuni na matambaa mpaka nilipomwiga. Funga kidole gumba na cha shahada kama pete, zungushia kwenye mkono ulioloa ute, kisha vuta kuelekea kwenye vidole. Unatoka.

Usiumwage kwenye sinki hata siku moja. Julai 2017, lori lililobeba kilo kama 3,400 za hagifishi lilimwaga mzigo wake kwenye barabara kuu namba 101 huko Oregon, Marekani. Ililetwa tingatinga kusafisha lami. Bomba la maabara yako halitastahimili hata robo ya ndoo.

Kwenye kukusanya ute, mnyama lazima alazwe kwanza. Dawa moja inayotumika ni mafuta ya karafuu. Nimekulia ndani ya harufu hiyo, karafuu zikianikwa uani kwa bibi, na tukiumwa jino tulipewa tutafune. Kuikuta tena Kanada, kwenye chupa ndogo kando ya tangi la mnyama ambaye kwetu hana hata jina, kulinigusa sana. Akishalala, mkaushe ngozi vizuri, maana tone la maji ya bahari linatosha kuharibu kazi. Umeme mdogo huzifanya tezi zilizo nyuma ya vitundu vile zitoe majimaji yake, nawe unayachota kwa kijiko bapa na kuyatia kwenye mchanganyiko mkali wa sitreti ya sodiamu, aina ya chumvi, ambao huzuia seli zisipasuke kabla ya wakati.

Kisha mwache apumzike. Tezi zilizokamuliwa huchukua wiki tatu hadi nne kujaa tena. Niliwahi kuona mahali mnyama yuleyule akikamuliwa baada ya siku chache kwa sababu ripoti ilikuwa inadaiwa. Hakutoa cha maana, na vipimo vya siku ile havikutumika. Iliniuma, kwa sababu muda wa kusubiri ulikuwa unajulikana. Andika tarehe kwenye kila tangi, na ukiombwa kuivunja, kataa kwa adabu.

Hakuna mashamba ya hagifishi, kila mmoja hutolewa baharini. Kwa hiyo nilifurahi mwaka 2017 Jeshi la Wanamaji la Marekani lilipotangaza kwamba wanasayansi wake wa Panama City, Florida, wametengeneza protini za nyuzi hizo kwa kutumia bakteria. Njia hiyo ikikua, wanyama wachache zaidi watasumbuliwa.

Huyu uliye naye leo, ukimaliza mhamishie kwenye maji safi ya baridi, usimrudishe kwenye ute wake. Anaweza kukosa hewa humo mwenyewe. Kaa naye, taa ikiwa hafifu, mpaka ajikunje mwenyewe pale chini ya tangi.