Mashine inaona sakafu ya Chala, mbona Tanga inapofuka?

SWALI: Shikamoo fundi. Niko Moshi. Nina mashine ya kutafuta samaki ya kilohezi 200. Ziwa Chala iliniandikia sakafu vizuri, karibu mita 90. Nikamwazima mdogo wangu aliyeko Tanga. Akifika penye kina cha mita 250 anaona ukungu mtupu. Imekufa?

JIBU: Marahaba. Haijafa, imepewa kazi isiyo yake.

Mashine hutuma sauti chini na kusikiliza mwangwi wake, na sauti majini hupungua kwa njia mbili. Kwanza hutawanyika: umbali ukizidi mara mbili, nguvu inayofika kila mita ya mraba hubaki robo, na mwangwi nao hutawanyika ukirudi. Hilo lipo Chala na lipo Tanga.

Tofauti iko kwenye njia ya pili: maji yenyewe hula sauti na kuigeuza joto. Wengi huilaumu chumvi ya mezani, wanaionea. Mlaji mkubwa kwenye masafa yako, yaani kilohezi 200 (mitetemo 200,000 kwa sekunde), ni magnesi salfeti, chumvi nyingine ambayo nayo imo baharini. Wimbi likiibana, chembe zake huachana na kuungana tena, na kila mzunguko huchota nguvu kidogo. Hasara hiyo hupimwa kwa desibeli: kila zikipotea 10, nguvu hubaki sehemu moja ya kumi. Kwa kilohezi 200, bahari hula zaidi ya desibeli 50 kila kilometa. Maji yasiyo na chumvi, kama ya Chala, hayafikishi 15.

Sasa piga hesabu. Kwenda na kurudi Chala ni mita 180, hasara ya kuliwa haifiki desibeli 3. Kwa mdogo wako ni mita 500, yaani desibeli zaidi ya 25: nguvu imegawanywa kwa zaidi ya 300, na kutawanyika bado hatujakuhesabu. Ndiyo maana kuongeza nguvu ya mashine hakusaidii sana. Hata ukiizidisha mara mbili unapata desibeli 3 tu.

Atafute kichwa (kile kinachotuma na kupokea sauti majini) cha kilohezi 50. Hapo bahari hula kati ya desibeli 10 na 20 kwa kilometa. Picha itakuwa nzito kidogo, samaki wawili waliokaribiana wataonekana mmoja, lakini sakafu ataiona.

Ila kabla hajatoa hela, aangalie kichwa cha sasa kimefungwa wapi. Kikiwa karibu na panga la injini, mapovu hukizingira, na mapovu huzuia sauti kuliko chumvi yoyote. Azime injini, asubiri kidogo, aangalie tena kioo.