Swali la lugha: Mbona wahusika wangu wote wanaongea sawa?

SWALI: Mwalimu, naandika riwaya yangu ya kwanza. Waliosoma mswada wanasema wahusika hawana uhai na wote wanaongea kama mtu mmoja. Sielewi, maana nimewaeleza vizuri tu, mfano nimeandika "Hamisi alikuwa mrefu, mpole, mkarimu na mwoga sana." Je, nikiwaacha waongee kama watu wanavoongea mtaani nitakuwa naharibu Kiswahili sanifu? Na pia kuna mzee kipofu kwenye hadithi, mtu kaniambia "kipofu alisema" ni makosa, eti niandike "kipofu kilisema". Nisaidie.

JIBU: Hao waliokusomea shikilia maneno yao, wamekufanyia kazi nzuri. Na msamiati wako hauna shida. Hiyo sentensi ya Hamisi ukiipeleka kwa mwalimu yeyote wa sarufi atakupa vema, tatizo ni kwamba inamfikishia msomaji hukumu tayari imeshakatwa. Umemwambia msomaji kwamba Hamisi ni mwoga, basi, yeye hana la kuona wala la kukisia, anapita tu.

Sasa angalia Kiswahili kinakupa nini hapo. Tuna hu-, ile ya mazoea, na watu wengi wanaoandika siku hizi wanaisahau kabisa. "Kila usiku hufunga mlango, hulala, halafu huinuka tena kwenda kulijaribu komeo." Hamna neno woga hapo ila mtu mzima umeshamjua. Kama hadithi yako yote iko wakati uliopita utasema "alikuwa akifunga", sawa tu, kazi ni ileile. Halafu ukishamjenga kwa mazoea hayo, kurasa thelathini mbele unaandika "Usiku ule hakufunga mlango", yaani kitenzi kimoja cha kukanusha, na msomaji anakaa wima manake anajua kuna jambo limemkuta Hamisi. E. M. Forster, mwandishi wa Uingereza, mwaka 1927 alitenganisha wahusika bapa, wale wa sifa moja tu, na wahusika duara, na kipimo chake kilikuwa hiki, kwamba mhusika duara anaweza kutushangaza na bado tukamwamini. Kwetu sisi mshangao huo unaweza kukaa ndani ya kubadili kiambishi tu, kutoka hu- kwenda -li- au -ka-, na mi naona hii ni zawadi kubwa ya lugha yetu ambayo waandishi wanaiacha wanakimbilia kurundika sifa.

Kuhusu sanifu. Kiunguja, lahaja ya Unguja, kilichaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu kwenye mkutano wa Mombasa mwaka 1928, na kamati iliyoanza kazi 1930 ikashughulika na tahajia, kamusi na vitabu vya shule. Lengo lilikuwa nchi kadhaa ziandike namna moja. Hakuna aliyekaa kuamua mke na mume wagombane vipi saa sita usiku! Kwa hiyo sanifu mwachie msimulizi wako, huyo ndo anayembeba msomaji toka mwanzo mpaka mwisho na akiyumba yeye kitabu kizima kinayumba, ila wahusika wakifungua mdomo waongee kama wao. Mmoja aseme "ntakuja", mwingine "nitakuja", na wa tatu "nitafika pasi na shaka" kwa sababu anapenda aonekane kasoma. Usinakili kila silabi inayomezwa lakini, msomaji atachoka. Chagua alama mbili au tatu kwa kila mtu uzishike mpaka mwisho. Na lahaja usiyoijua usiiguse, wenyewe wataisoma na wataona unawadhihaki hata kama hukukusudia.

Hapa kwenye usemi ndo penye utajiri kuliko pote na nataka tukae kidogo. Chukua neno moja tu, "umechelewa". Mtu akisema "Umechelewa" ametoa taarifa. Akisema "Mbona umechelewa?" alikuwa anakusubiri, na analalamika. "Kwani umechelewa?" huyu hakujua kama kuna kuchelewa, au anajua na anakupinga. "Kumbe umechelewa!" amegundua sasa hivi. "Eti umechelewa?" kaambiwa na mtu na bado hajaamini, au anataka uone kwamba yeye hajaamini. Halafu kuna yule anayekuangalia tu anasema "Ndo unafika?", hakutaja kuchelewa hata kidogo na huyo ndo anauma kuliko wote. Umeona, hivyo vineno vidogo tulivofundishwa shuleni kuviita viunganishi au vihisishi tukavipita haraka ndo vinavyobeba moyo wa msemaji. Chukua mswada wako, mpe kila mhusika mkubwa neno lake. Yule asiyejiamini kila habari anaianza na "eti". Mgomvi anajibu swali kwa "kwani". Ukifanya hivo vizuri utaweza kufuta nusu ya zile "alisema kwa hasira", "alijibu kwa dharau", na pia hutahitaji kuwafanya watu wang'ake, wafoke, wamake na wanong'one kila mstari, "alisema" inatosha.

Kuna mtego mmoja ambao waandishi wa Kiswahili tunao na lazima uujue. Kiambishi a- hakibagui mwanamke na mwanamume. "Alimwambia anampenda lakini hakumwamini." Nani hakumwamini nani? Watu wawili tu chumbani na msomaji tayari kapotea. Wengi wanatatua kwa kurudia majina, Zuhura akasema, Salimu akasema, Zuhura akainuka, inachosha. Tumia vionyeshi. Mtu akiingia mara ya kwanza ni "mzee mmoja", akirudi ni "yule mzee", na ukisema "huyo mzee" ni huyohuyo tuliyemtaja sasa hivi. Ukiweka kionyeshi nyuma, "mzee yule", mara nyingi unamchagua kati ya wengine, kwa hiyo usivichanganye ovyo.

Na tumia namna watu wanavoitana, maana hapo unaondoa utata na unajenga mtu kwa wakati mmoja. Zuhura kwa msimulizi ni Zuhura, kwa jirani ni Mama Juma, dada wa mumewe anamwita wifi, mdogo wa kiume wa mumewe anamwita shemeji, mama mkwe akikasirika ni "we mwanamke". Msomaji akiona "wifi" tu anajua nani anaongea na nani, hahitaji "alisema". Sasa fikiria yule mdogo wa mume, sura kumi nzima ni shemeji, shemeji, halafu siku moja wako wawili jikoni anasema "Zuhura". Usieleze chochote hapo tafadhali, acha hivohivo. Shikamoo nayo ni hivyo, nani kaitoa, nani kaimeza, nani kajibu marahaba bila kuinua uso. Wanaosoma Kiswahili wanayasikia haya yote bila kuambiwa.

Majina ya kubeba tabia, kile walimu wanachokiita majazi, nitasema kidogo tu. Shaaban Robert, kwenye Adili na Nduguze, alimwita mtu Adili na ndugu zake Hasidi na Mwivu, na kwenye hadithi ya maadili kama ile inafanya kazi vizuri sana. Kwenye riwaya ambayo watu wanabadilika inakufunga mikono, kwa sababu ukishamwita mtu Mwivu siku atakapotoa kwa ukarimu jina litambishia.

Sasa mzee wako kipofu. Uko sahihi wewe. Kipofu, kiziwi, kiwete, kijana, kiongozi, yote hayo yana umbo la ki-vi lakini ni watu na upatanisho wake ni wa a-wa, kipofu alisema, vipofu walisema, kiongozi amefika. Ukiandika "kipofu kile kilisema" umemfanya mtu kitu, na ni tusi. Ila kama mwandishi ujue tusi hilo lina mwenyewe. Likitoka kwa msimulizi ni lako, wewe ndo umemdharau mzee wa watu. Likitoka kinywani mwa mhusika linamchora huyo aliyelisema. "Kile kizee kimekuja tena?" sentensi fupi kabisa, na tumeshamjua msemaji vizuri kuliko ungetuandikia aya nzima kwamba ana roho mbaya. Vilevile "lile jitu", "kale katoto", kila ukimhamisha mtu ngeli unaonyesha jicho la anayemtazama. Kwa hiyo huyo aliyekusahihisha mjibu kwa upole kwamba mzee anabaki na a- yake, na kama kuna mkwe wake humo ndani anayemwita "kile kizee" mwache aseme, mradi sentensi inayofuata, ile ya msimulizi, iseme "mzee alisikia".