Mtoto wa Miaka 3 Anayesema Neno Mojamoja

Swali: Mwanangu ametimiza miaka 3 na bado husema neno mojamoja tu, kama "maji" au "gari". Nyumbani tunazungumza Kikamba na Kiswahili, na jirani anadai kwamba lugha mbili ndizo zinazomchanganya. Nifanye nini?
Mama, Kayole, Nairobi

Jibu: Mama mpendwa, usiache Kikamba, kwani lugha mbili hazimcheleweshi mtoto kusema, na lugha unayoimudu vyema ndiyo itakayompa maneno mengi zaidi. Anaposema "gari", mwongezee kidogo: "Ndiyo, gari kubwa linapita," kisha unyamaze, umtazame usoni na kuhesabu kimoyomoyo hadi 5, kwa sababu wazazi wengi, nami huliona hili mara kwa mara, hujibu kabla mtoto hajapata nafasi. Mnapochambua sukuma, mpe jani alishike, mtaje rangi yake, bua lake na maji yanayodondoka kutoka kwalo. Runinga na simu zisizidi saa 1 kwa siku, kama Shirika la Afya Duniani lilivyoshauri mwaka 2019. Hata hivyo, kwa kuwa watoto wengi wa umri wake huunganisha maneno 3 au zaidi, nakusihi usingoje: mpeleke hospitalini apimwe masikio kwanza, kisha uombe kuonana na mtaalamu wa matamshi na lugha.