Kwa mleta mada wa Uyole: usilipie kifurushi cha mbio za magari kwa mwaka mzima

Usilipe. Mleta mada, umeandika kwamba unataka kufungua kibanda umiza pale Uyole kitakachoonyesha mbio za magari peke yake, yaani Formula 1, NASCAR ya Marekani na Safari Rally ya Kenya, kwa hoja kwamba njia panda ya Tunduma na Kyela imejaa madereva, na kwamba wakala amekupa punguzo ukilipia kifurushi cha mwaka mzima kabla ya mwisho wa mwezi. Umeuliza pia kama ununue projekta au televisheni kubwa, kiingilio kiwe kiasi gani na leseni hutolewa wapi. Hayo nayaacha, nazungumzia kifurushi tu, kwa sababu ndicho kilichonifilisi Makambako, kwenye njia panda ya Songea, nikiwa na hoja hiyohiyo ya madereva karibu neno kwa neno.

Hoja hiyo inapendeza mpaka umkute dereva mwenyewe. Mtu ameshika usukani wa lori tangu Tunduma, amekaa kwenye foleni ya Mbeya mjini, amepanga mstari mizani, amebishana na askari wa barabarani, kisha anateremka akiwa na njaa na mgongo unamuuma, nawe unamwomba atoe fedha ili aketi kwenye benchi aangalie watu wengine wakiendesha. Walichungulia mlangoni, wakaona magari, wakaniuliza mpira unaonyeshwa wapi. Ukuta wa mbele nilikuwa nimeuchora bendera za miraba myeusi na myeupe kwa rangi ya bei ghali, na matunda yake ya kwanza yalikuwa mzee mmoja aliyeingiza Noah yake uani akitaka kubadilishiwa oili. Hata yeye sikuweza kumhudumia.

Sasa nifike kwenye kosa lenyewe. Nililipa mwaka mzima kwa mkupuo, kwa fedha za mbao nilizouza Mafinga, na kwa kuwa fedha ilikwisha kutoka mkononi nikaona ni lazima nionyeshe nilichokilipia. Mbio nyingi za Formula 1 zinazofanyika Ulaya huanza saa 10 jioni ya Jumapili kwa saa zetu, na hiyo ndiyo saa ambayo mechi za Ligi Kuu yetu huchezwa, na mara nyingi za Uingereza pia. Nilikuwa na skrini moja. Siku Yanga wanacheza, mimi nikaweka magari. Waliokuwa wamekwisha kuketi walinitazama kwa heshima, wakasubiri kama dakika tano wakidhani nimekosea chaneli, kisha wakanyanyuka mmoja baada ya mwingine wakavuka barabara kwenda kwa jirani. Jumapili iliyofuata hawakupita hata kuuliza. Baadaye nilipourudisha mpira kwa aibu, nikakuta kila mmoja amekwisha kupata benchi lake kule, ana watani wake kule, na mama wa chapati anamfahamu kwa jina. Fedha ya kifurushi naweza kuitafuta tena msituni, lakini wale watu sikuwapata tena.

Saa nyingine za mbio ni mbaya kuliko hiyo. Mbio za Japani huanza saa 2 asubuhi ya Jumapili na za Australia saa 1, wakati Makambako nzima iko kanisani, au angalau inajiandaa kwenda. Nyingi za NASCAR hufanyika mchana wa Marekani, yaani usiku wetu. Daytona 500, mbio zao kubwa kuliko zote, peke yake ni maili 500, mizunguko 200, zaidi ya saa tatu za magari yanayogeukia kushoto, na mlinzi wangu ndiye aliyekuwa mtazamaji pekee, tena kwa mshahara. Mbio za rali nazo hazikuumbwa kwa ajili ya benchi. Magari huondoka moja baada ya jingine na mshindi hupatikana kwa kujumlisha muda, hivyo mteja anaona gari moja na vumbi lake, hajui nani anaongoza, na hana wakati wa kushangilia.

Wakala wangu aliyajua haya yote. Alikuja na simu yake akanionyesha umati wa watu Naivasha, Kenya, akaniambia Safari Rally imerudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021 baada ya kutolewa mwaka 2002, na hilo ni kweli. Hakusema kwamba umati ule ulikwenda kuona magari kwa macho yao, wakiwa na nyama choma na marafiki, siku chache tu katika mwaka. Kwetu ni vilevile: rali ikifanyika Iringa watu hupanga mstari barabarani kwa furaha, kisha hurudi nyumbani bila kuuliza inaonyeshwa chaneli gani. Akaniambia pia kwamba NASCAR imeuza haki zake za televisheni za mwaka 2025 hadi 2031 kwa dola bilioni 7.7, kwa hiyo mchezo unakua. Hapo ndipo aliponipiga chenga, kwa sababu bei ya haki hizo ilipanda huku watazamaji wakiwa wamepungua kwa miaka mingi, na sasa Mmarekani mwenyewe lazima afukuzane na mbio zake kutoka chaneli ya Fox kwenda Amazon, kisha TNT, kisha NBC.

Habari hizo za watazamaji kupungua nilizisoma nilipokuwa nimekwisha kufilisika na nina muda mwingi. Mwaka 1979 Daytona 500 ilionyeshwa moja kwa moja mwanzo hadi mwisho na CBS kwa mara ya kwanza, theluji ikiwa imewafungia watu wengi majumbani, na magari mawili ya mbele yakagongana mzunguko wa mwisho, madereva wakashikana mashati uwanjani mbele ya kamera. Nchi ikapata la kubishania. Miaka ya baadaye mambo yakageuka: NASCAR ikabadilisha namna ya kumpata bingwa mwaka 2004, kisha dereva mmoja, Jimmie Johnson, akatwaa ubingwa mara tano mfululizo kuanzia 2006 hadi 2010, uchumi ukaanguka katikati ya kipindi hicho, na kati ya 2015 na 2017 wakastaafu madereva maarufu Jeff Gordon, Tony Stewart na Dale Earnhardt Jr. Uwanja wa Daytona wenyewe ulipokarabatiwa ulipunguzwa viti ukabaki na takriban 101,000. Ujerumani, nchi ya bingwa Michael Schumacher, chaneli ya RTL iliwaonyesha watu Formula 1 bure tangu 1991 hadi 2020. Mbio zilipohamia kwenye chaneli ya kulipia watazamaji wakapungua sana, na tangu 2020 nchi hiyo haijaandaa mbio hata moja. Utaniambia kwamba Marekani Formula 1 imepata vijana wapya kwa sababu ya mfululizo wa Netflix ulioanza mwaka 2019. Sikatai. Vijana hao huangalia wakiwa kitandani, na kitanda hakilipi kiingilio.

Kanuni yangu ni moja na nitairudia mpaka uchoke: usilipie mchezo ambao watu wa mtaa wako hawabishanii kabla haujachezwa. Nasema kabla, kwa sababu kukumbuka hakutoshi. Pale Makambako nilikuwa na wazee waliowataja Joginder Singh na Shekhar Mehta, washindi wa zamani wa Safari Rally, kana kwamba ni wajomba zao, wakaeleza jinsi mbio zile zilivyokuwa zikipita hadi nchi yetu. Nikaamini nimepata wateja. Walisimulia wakiwa wameketi kwenye ngazi zangu, nje, bila kulipa, na ilipofika saa 10 wakaenda kuangalia Simba. Kaa stendi ya Uyole Ijumaa nzima, panda daladala, nyoa nywele hata kama hazijakua, usikilize watu wanabishana kuhusu nini cha Jumapili. Ukisikia jina la dereva yeyote wa mbio, nitafute uniambie nimezeeka vibaya.

Ukiona bado roho inakusukuma, lipia mwezi mmoja, na mpira ubaki kwenye skrini kubwa. Wakala atakuambia kwamba punguzo linakwisha mwisho wa mwezi. Langu nalo lilikwisha mwisho wa mwezi, na mwezi uliofuata akampa jirani yangu punguzo kubwa zaidi, la kifurushi cha mpira.