Jibu: "Fishy" kwenye barua ya mnunuzi wa mabondo

Habari za leo, ndugu. Umeuliza kama mnunuzi aliyekuandikia kwamba ankara yako ina "something fishy" analalamikia harufu ya mabondo (vibofu vya hewa vya samaki) uliyomtumia kutoka Mwanza. Ni kweli "fishy" kwa asili ni kitu chenye harufu ya samaki, lakini hapa halalamikii harufu. Waingereza husema hivyo mtu anapohisi kuna ujanja au jambo lisiloeleweka. Sisi tungesema hapa pana namna.

Kwanza angalia neno hilo limeegemea nini katika sentensi: likitaja karatasi, bei au uzito, ni shaka, likitaja mzigo wenyewe, huenda kweli ni harufu, na sisi wauza samaki ndio tunaoponzwa zaidi na utata huo. Mwaka wangu wa kwanza pale soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, nilijibu barua ya namna hiyo kwa aya nzima kuhusu ukaushaji na usafi wa vichanja, kumbe mteja alikuwa ameona kilo 48 kwenye ankara na kilo 45 kwenye hati ya mzigo. Alinijibu kwa neno moja tu: uzito.

Kwa hiyo linganisha karatasi zako tarakimu kwa tarakimu, kisha umwandikie ulichokikuta. Hajakuita mwizi, ingawa yuko karibu kuuliza.