Mwalimu mkuu akikwambia "mpeleke shule maalumu", sheria inasemaje?

Dada wa Mbalizi, pole kwa yaliyokukuta. Umeeleza kwamba mwanao miguu yake haina nguvu, anatembelea magongo, na ulipokwenda kumwandikisha darasa la kwanza mwalimu mkuu alisema shule haina uwezo, utafute shule maalumu. Umeuliza kama ana haki ya kumkataa. Hana. Nami nina binti wa magongo anayesoma shule ya kawaida huku kwetu Rungwe, kwa hiyo nakujibu niliyoyapitia.

Shika Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya Tanzania, Na. 9 ya mwaka 2010, kifungu cha 27. Kinampa mtoto mwenye ulemavu haki sawa ya kuandikishwa shule ya serikali au binafsi, na kinataka asome shule ya kawaida, isipokuwa pale panapohitajika mawasiliano maalumu. Hapo kwenye "isipokuwa" ndipo wazazi wengi wanapozungushwa. Mawasiliano maalumu ni mambo kama lugha ya alama au nukta nundu, yale maandishi ya wasioona yanayosomwa kwa vidole. Mwanao anasikia, anaona, anaongea. Magongo hayamo. Na hata kwa mtoto kiziwi, mimi naamini maneno yale yaliwekwa ili apate mwalimu anayeijua lugha yake, si ili afukuziwe getini.

Usibishane na mwalimu mkuu ofisini kwake. Nenda halmashauri, ulizia afisa elimu maalumu, omba mtoto afanyiwe upimaji. Wataangalia anavyokaa, anavyoshika kalamu, anavyofuata maelekezo, kisha waandike anahitaji nini shuleni. Sisi tulikataliwa kwa mdomo tu, lakini tuliporudi na barua yenye muhuri mazungumzo yalibadilika, na binti akaandikishwa. Ukikataliwa tena, omba sababu kwa maandishi. Wengi wanaokataa kwa mdomo hawako tayari kuweka saini.

Ila jiandae, kuandikishwa ni mwanzo tu. Binti yangu alipoanza shule aliacha kunywa chai asubuhi. Mama yake akadhani ana tumbo, akamchemshia uji mwepesi, nao akaukataa. Kumbe alikuwa anaogopa kwenda chooni. Choo cha shule kilikuwa na ngazi, mvua ya huku mnaijua, saruji inateleza mchana kutwa, mlango mwembamba haupitishi mtoto na magongo yake, na ndani hakuna pa kushika. Mtoto mdogo anajizuia kunywa maji mpaka saa nane mchana! Hilo liliniuma kuliko kule kukataliwa.

Tulipeleka suala kwenye kamati ya shule. Wazazi walichanga saruji, matofali ya kuchoma tulikuwa nayo kijijini, fundi akajenga mteremko mahali pa ngazi, akapanua mlango wa tundu moja na kufunga bomba la chuma ukutani. Haikuwa kazi kubwa wala ya gharama ya kutisha. Lakini kwa haki ilipaswa kufanywa kabla mtoto yeyote hajafika, maana nchi yetu iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na ibara ya 24 inaitaka serikali iweke kwa vitendo elimu jumuishi, yaani watoto wenye ulemavu na wasio nao wasome pamoja. Mzazi asigeuzwe mfadhili wa haki ya mwanawe.

Walimu wa darasa siwalaumu. Darasa limejaa, na waliosomea elimu maalumu kwenye chuo cha ualimu cha Patandi, Arusha, hawatoshi kufika kila kijiji. Wa kwetu alimweka binti dawati la mbele karibu na mlango, akapanga wenzake wampokee begi. Mwombe wako hivyohivyo, kwa upole.

Kwa wenye watoto wasioona au wenye uoni hafifu, mwambieni mwalimu mapema, kabla ya usajili wa mtihani wa darasa la saba. Baraza la Mitihani hutoa karatasi za nukta nundu na za maandishi makubwa, na muda huongezwa, ila lazima mtoto aandikwe kama mwenye mahitaji maalumu.

Dada, Mbalizi iko chini ya Halmashauri ya Wilaya ya Mbeya, si Jiji, usije ukapanga foleni ofisi isiyo yako. Beba cheti cha kuzaliwa, kadi ya kliniki na karatasi zote za hospitali. Na mtoto mwenyewe nenda naye, wamwone.